Mrejesho: kifua kwa mwembamba mwenye mikono mirefu

Wakuu, niliuliza kifua kitajaaje nikiwa mwembamba, mikono mirefu kama ngongoti. Kimeanza kuonekana! Chuma kirefu cha kusukuma juu nikiwa nimelala kwenye benchi nimekiweka pembeni. Kwa mikono hii kinasafiri mbali, mabega yanachoka kabla ya kifua. Sasa ni dambeli (vyuma vifupi, kimoja kila mkono), benchi limeinuliwa kidogo upande wa kichwa: nashusha taratibu mpaka nihisi misuli inavutika, ndipo napandisha. Mara 2 kwa wiki, na pushapu miguu ikiwa juu ya stuli.

Shughuli pevu ni msosi. Uji wa karanga, dagaa, maharage, mayai. Nalenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wangu. Mfuko unalia. Mkuu uliyenishauri sindano za kujaza misuli, asante, hapana. Mbavu za chini bado zinahesabika, ila mashati yanabana vifungo.