Watoto wa Bi Kombo: Alicia Alonso kikundini

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Naweka picha.

*[Picha]*

Rehema: Huyu ni Alicia Alonso wa Cuba, mcheza baleti. Hapo yuko New York, miaka ya 40. Farida, msomee mama yako, ma'mdogo Asha, haya ninayoandika, najua simu kakatazwa.

Farida: Shikamoo dada. Niko naye hapa. Kalala kifudifudi kama daktari alivyoagiza, ila kanuna. Shingo inamuuma.

Rehema: Marahaba. Mwambie huyu dada naye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilibanduka kama yake, mwaka 1941. Ana miaka 20 tu, ndiyo kwanza kampuni ya Ballet Theatre imeanza kumwamini. Wakampasua New York mara mbili, hali haikutulia. Mara ya tatu akapasuliwa kwao Havana, akaamriwa alale mwaka mzima bila kujitikisa. Asigeuze kichwa, asicheke, asilie, asitafune kitu kigumu.

Mama Zuhura: Mwaka mzima!! Hata kulia?

Rehema: Hata kulia mama. Na alikuwa na mtoto mdogo, Laura, aliyezaliwa 1938.

Mama Zuhura: Ya Rabi.

Mjomba Salum: Enzi hizo hapakuwa na leza wala ile gesi waliyomwekea Asha ndani ya jicho. Wakishapasua, tegemeo kubwa lilikuwa mgonjwa atulie. Asha mdogo wangu, wewe ni siku chache. Vumilia, usiinue kichwa.

Farida: Anasema amekusikia kaka. Anauliza, huyo dada alikuwa akifanya nini kitandani mwaka mzima?

Rehema: Alikuwa akijifunza. Mumewe, Fernando, alikuwa mcheza baleti pia. Kila siku alikuja kukaa naye, akimwonyesha hatua kwa vidole, vidole viwili vikitembea kama miguu. Alicia kafungwa macho, anafuata hatua moja moja kichwani. Nani anaingia kutoka upande gani, muziki unafika wapi ndipo ageuke. Akaimaliza *Giselle* yote namna hiyo, kwa kichwa na vidole.

Idd: Giselle ndiyo nini dada?

Rehema: Ni baleti ya zamani, ilichezwa Paris mara ya kwanza 1841. Giselle ni msichana wa kijijini, moyo wake dhaifu, anapenda kucheza ngoma kupita kiasi. Anampenda kijana anayejifanya mtu wa kawaida, kumbe ni mwana wa mabwana na ana mchumba wake. Siri inafichuka mbele ya watu wote. Giselle anarukwa na akili palepale, anakufa. Sehemu ya pili ni usiku, msituni, makaburini. Kuna mizuka ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa, na mwanamume akipita hapo wanamchezesha mpaka afe. Yule kijana anakuja kaburini na maua, wanamzunguka. Giselle anatoka, anacheza naye ili asianguke, mpaka alfajiri mizuka iondoke.

Mama Zuhura: Kwa hiyo kamwokoa? Baada ya yote yale?

Rehema: Kamwokoa.

Mama Zuhura: Mimi ningewaachia mizuka.

Farida: Mama naye anasema hivyohivyo.

Rehema: Basi sikilizeni. Siku zile Giselle wa kampuni alikuwa Alicia Markova, Mwingereza, jina kubwa sana. Alicia wetu alipopona akarudi New York. Mwaka 1943 Markova akaugua, onyesho limekaribia, ukumbi ni Metropolitan Opera House. Wanawauliza wasichana nani ataweza kuibeba, wanaogopa, maana kumrithi Markova ni kujipeleka kusulubiwa na magazeti. Alicia akasema yeye atacheza. Tarehe 2 Novemba akapanda jukwaani na Anton Dolin, aliyecheza kama yule kijana. Toka usiku ule Giselle akawa wake.

Idd: Lakini macho yalikuwa yamepona?

Rehema: Hayakupona. Pembeni haoni, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo giza lilivyozidi.

Idd: Sasa alichezaje? Jukwaa lina ukingo, mbele yake kuna shimo la wanamuziki.

Mjomba Salum: Taa, mpwa wangu. Waliweka taa kali, za rangi tofauti, kila moja mahali pake. Akiona ule mwanga upande fulani anajua amefika wapi na ukingo uko umbali gani. Na anayecheza naye ilibidi awe palepale walipokubaliana, hatua moja pembeni ni hatari. Watu husema aliweza kwa ujasiri. Ujasiri alikuwa nao, lakini bila mpango angevunjika mguu wiki ya kwanza.

Mjomba Salum: Mimi nilimwona kwa macho yangu.

Idd: Mjomba!! Hukutuambia!

Mjomba Salum: Nilikuwa nasoma udaktari Havana, katikati ya miaka ya 80. Tiketi bei ya kutupa, tukaenda wanafunzi kundi zima, tukakaa juu kabisa. Yeye alishapita miaka 60. Humo ukumbini kulikuwa na madereva, wauguzi, mafundi, watu wametoka kazini moja kwa moja. Alipotokea tu, hajainua hata mkono, wakasimama wanamwita kwa jina lake, Alicia! Alicia! Muziki ukawa hausikiki.

Mjomba Salum: Miguu haikuruka tena kama kwenye picha za ujana. Nilichokishika mimi ni mikono. Anainua mkono taratibu, kiganja kinafika usawa wa uso, halafu vidole vinafuata vya mwisho kabisa. Kingine nilikiona kwa kuwa nasomea mambo ya miili ya watu. Kijana aliyecheza naye, kabla ya kumshika kiganja, alimgusa kiwiko kidogo sana. Walioko chini waliona ni adabu za jukwaani. Mimi nikajua anamwambia niko hapa.

Farida: Mama amenyamaza anasikiliza. Anasema endelea.

Mjomba Salum: Jueni pia kwamba hakubaki New York kula sifa. Mwaka 1948 alirudi Havana na Fernando na shemeji yake Alberto, wakaanzisha kampuni yao. Mwaka 1956 serikali ya Batista, mtawala wa Cuba wakati ule, ikawakatia fedha, kampuni ikafungwa, naye akakataa kucheza Cuba chini ya Batista. Akaenda kucheza Urusi, Moscow na Leningrad. Baada ya mapinduzi ya 1959 Castro akawapa dola 200,000 waanze upya, na shule ya baleti ikawa bure kabisa. Ndiyo maana mtoto wa dereva wa lori kama Carlos Acosta alipelekwa baleti akiwa na miaka 9, akaja kuwa nyota wa Royal Ballet, London. Bila shule ile angekuwa mtaani.

Idd: Na Marekani walimwonaje baada ya hapo?

Mjomba Salum: Siasa ikafunga mlango. Hakuonekana kwenye majukwaa yao miaka mingi, mpaka 1975 ndipo alipocheza tena New York.

Rehema: Mjomba, kwa heshima zote, kuna jambo hatukubaliani.

Mjomba Salum: Sema mwanangu.

Rehema: Alikaa jukwaani mno. Alicheza mpaka 1995, miaka 74! Na kampuni aliishikilia mpaka kufa, 2019, akiwa na miaka 98. Kila Giselle aliyoicheza yeye uzeeni, kuna binti wa miaka 25 alikaa pembeni, viatu kafunga tayari. Kina Josefina Méndez, Loipa Araújo, Aurora Bosch na Mirta Plá walileta medali toka mashindano ya Varna, Bulgaria, miaka ya 60. Wanawake wanne wakubwa kabisa. Lakini nje ya Cuba ukisema baleti ya Cuba, watu wanamjua Alicia peke yake. Wengine wengi waliondoka nchini kabisa, wakaenda kutafuta nafasi kwingine.

Mjomba Salum: Hao wanne nani aliwalea? Na wengi waliondoka kwa sababu ya maisha, mshahara, siasa. Usimtwike yeye yote.

Rehema: Simtwiki yote. Nasema tu mtu anaweza kuwajengea wengine nyumba halafu akakalia kiti cha mlangoni, wasipite. Nampenda sana, ndiyo maana inaniuma. Angeacha kucheza akiwa na 60, akabaki kufundisha tu, asingepungukiwa na kitu.

Mjomba Salum: Angepungukiwa mwenyewe. Mtu aliyefungwa kitanda mwaka mzima akiwa na miaka 20, ukamwambie ashuke jukwaani?

Rehema: Hilo naelewa mjomba. Lakini yule wa miaka 25 naye hana miaka mingine ya kusubiri. Baleti si kazi ya ofisini.

Mama Zuhura: Rehema taratibu na mjomba wako.

Mjomba Salum: Mwache dada, anajua anachosema. Sijakubali, lakini anajua.

Farida: Mama anasema Rehema ana haki. Ila angekuwa Havana siku ile angenunua tiketi.

Idd: Dada, tuanzie wapi kumtazama?

Rehema: Kuna filamu ya *Giselle* waliyoipiga Cuba miaka ya 60, yeye na kampuni yake. Nenda kwenye kurukwa na akili, mwisho wa sehemu ya kwanza. Mtazame anaposhika upanga kwa upande wa ncha na kuuburuta chini. Pia mtafute kwenye *Theme and Variations*. Ni baleti aliyoitunga Balanchine 1947 kwa ajili yake na mcheza mwenzake Igor Youskevitch, hatua ndogondogo za kasi zisizoisha. Mpaka leo wacheza wakubwa wanaiogopa.

Mama Zuhura: Tuma hiyo ya upanga.