Mkojo unaniunguza mwezi wa tano sasa, vipimo vyote safi

Mwendo_Usiku: Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 34, naendesha lori Dar kwenda Tunduma. Tangu mwezi wa pili nikikojoa panaunguza pale nchani, na hata zipu haijapoa nabanwa tena. Nikienda, matone mawili matatu. Halafu kuna kitu kizito kinavuta kati ya korodani na njia ya haja kubwa, hasa nikikaa Morogoro hadi Makambako bila kushuka.

Mkojo nimepima mara nne. Kaswende, gono, klamidia, Ukimwi, hamna. Mkojo wameuotesha maabara kutafuta bakteria, hakuna kilichoota. Ila kila duka la dawa ni sipro tu, ile antibayotiki; nimemaliza dozi tatu, na mbili za azuma, antibayotiki nyingine. Mke wangu naye kapima, safi, lakini jicho analoniangalia nalo nalijua.

Babu_Mizizi: Ngiri hiyo. Njoo pembeni, nina dawa.

Tabibu_Kanda: Babu, pumzika kidogo. Mkuu, sipro acha, unaua wadudu ambao hawapo. Umekulia wapi? Kama uliogelea malambo, omba kipimo cha kichocho, na mkojo usipeleke alfajiri: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Pima na sukari. Kuna pia bakteria anaitwa maikoplazma jenitaliamu, haoti kwenye kuotesha kwa kawaida, anataka PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vyake. Vyote vikikosekana, maumivu yakishapita miezi mitatu namna hiyo mara nyingi ni tezi dume au misuli ya nyonga iliyojikaza. Ukiona damu, homa, au mkojo ukiziba kabisa, usisubiri majibu ya humu, kimbia hospitali.

Fundi_Charahani: Mimi ilinikuta, kazi yangu kukaa tu. Mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) alinifundisha kupumua kwa tumbo na kulegeza huko chini. Kulegeza, siyo kubana! Mwanzo nilikuwa nabana, nikazidi kuumia. Ilichukua miezi.

Mwendo_Usiku: Narudi na majibu. Tabibu, nimekulia Maswa, malambo na majaruba ndiyo yalikuwa bafu letu. Nimepeleka mkojo saa 6 mchana: mayai hakuna. Sukari iko sawa. Maikoplazma nimeambiwa sampuli isafirishwe, bado nasubiri.

Daktari akavaa glavu (wanaume mnaelewa). Tezi alipoigusa sikusikia kitu. Alipobonyeza pembeni, kwenye msuli, nikaruka kitandani. "Hapo hapo!" nikamwambia.

Nimeanza mazoezi ya Fundi, na beseni la maji ya uvuguvugu kila nikilala nyumbani. Wiki ya tatu sasa, usiku naamka mara moja badala ya nne. Kuunguza bado kupo, hasa siku nikinywa kahawa. Safarini nashuka Ruaha Mbuyuni nazunguka dakika kumi kwa wauza vitunguu. Utingo wangu kashachoka kubeba vitunguu.

Babu_Mizizi: Vitunguu vinasaidia ngiri.