Plagini za nje kwenye shindano la biti (midundo ya muziki) Kigoma: zikatazwe?

Mwanzisha mada, Ujiji: Rasimu ya kanuni inasema mshiriki atumie efekti (vibadilisha sauti) zilizokuja na programu yake ya kutengenezea muziki tu, bila plagini, yaani programu ndogo za kuongezea. Naiunga mkono. Kijana mwenye laptopu ya RAM GB 4 atashindanaje na studio iliyojaza plagini za kununua?

Prodyuza, Mwanga: Mkuu, usawa hauji hivyo. Kwenye programu ya muziki ya Ableton Live, toleo kubwa la Suite lina efekti nyingi kuliko toleo dogo la Intro, na bei yake iko juu sana. Kwa kanuni hii mwenye Suite anapita na mzigo wote, halafu kijana aliyepakua plagini ya mwangwi ya Valhalla Supermassive, ambayo ni bure, anaondolewa. Tunamwadhibu yuleyule tunayetaka kumlinda.

Fundi sauti, Gungu: Kinachowapoteza majaji ni limita (efekti inayobana vilele ili sauti isukumwe juu) kuliko riverbu (mwangwi). Biti iliyosukumwa juu husikika nzuri zaidi hata kama mpangilio ni dhaifu. Pima ukubwa wa sauti wa kila kazi kwa plagini ya Youlean Loudness Meter, toleo la bure linatosha, kisha zote zishushwe zilingane na iliyo chini kabisa. Msipandishe: kilele kikivuka 0 dB sauti inakwaruza, na mwenye biti atalaumiwa kwa kosa la meza ya majaji.

Pia ombeni stemu, yaani faili la kila chombo peke yake: WAV, bit 24 (si biti ya mdundo), 44.1 kHz, zote zianzie sekunde 0, limita ya masta (chaneli ya jumla) ikiwa imezimwa. Limita hufuata jumla ya sauti. Ikiachwa, stemu zikijumlishwa hazirudishi miksi ileile. Stemu moja ya stirio ya dakika 3 ni kama MB 48, kumi na mbili zinakaribia MB 570. Zije kwa flashi, bando zitawaumiza vijana.

Mwanzisha mada: Kwa nini tusichukue projekti yenyewe, faili la kazi la programu ya muziki?

Fundi sauti: Kompyuta ya jaji ikikosa plagini moja, chaneli iliyoitumia inatoka kavu (bila efekti) au kimya kabisa. Projekti iwe ya ukaguzi tu.

Prodyuza: Na plagini za kukreki (zilizovunjwa leseni) zipigwe marufuku. WAV haionyeshi leseni, kwa hiyo walioingia fainali waonyeshe zao.

Mwanzisha mada: Basi naondoa "zilizokuja na programu". Ila plagini zinazotunga kodi (chords) na melodi zenyewe sikubali. Hizo si efekti.

Prodyuza: Sawa, lakini apejieta je? Inapanga noti ulizobonyeza wewe. Mimi naiacha ndani.

Mwanzisha mada: Mimi naitoa. Wengine semeni kabla rasimu haijapitishwa.