Diploma ya haiskuli ya Marekani inatosha kuombea chuo Uingereza? Mwanafunzi yuko Kigoma

MzaziUjiji
Habari zenu wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoujua mfumo huu. Binti yangu yupo hapa Kigoma, anasoma shule ya Kimarekani kwa njia ya intaneti, sasa yuko darasa la 11. GPA yake (wastani wa alama) ni 3.7. Anataka kusoma uhandisi wa ujenzi Uingereza. Shule inasema diploma yao inakubalika dunia nzima, ila kila ukurasa wa chuo ninaoufungua unataja vitu vingine: AP, SAT, IELTS. Kipi ni cha lazima, na vinafanyika lini ukizingatia tuko mbali na Dar?

Fundi_Namba
Mkuu, kwa uhandisi diploma peke yake haitoshi, hata GPA ingekuwa 4.0. Digrii ya kwanza England kwa kawaida ni miaka 3, na mwanafunzi anaingia kwenye fani yake tangu wiki ya kwanza. Hakuna mwaka wa kusoma masomo ya jumla kama vyuo vya Marekani. Ndiyo maana wanatafuta mtu aliyezama kwenye masomo matatu, sawa na anayemaliza kidato cha sita na PCM. Haiskuli ya Marekani inafundisha masomo mengi kwa upana, kwa hiyo pengo hilo linazibwa na mitihani ya AP (Advanced Placement, mtihani wa somo moja moja) ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, ambayo alama zake ni 1 hadi 5.

Vyuo vingi vyenye ushindani huomba AP tatu zenye 4 au 5. Cambridge wanataka tano zenye 5. Oxford wanakubali nne zenye 5, au tatu zenye 5 pamoja na SAT (mtihani wa jumla wa Kiingereza na hesabu, nao ni wa College Board) ya 1480 kwenda juu.

Hapo wengi wanakosea kwenye kuchagua masomo. Kwa uhandisi mpelekeni Calculus BC na Physics C: Mechanics. Physics 1 haitumii kalkulasi, na vyuo vingi havitaipokea mahali pa Physics C. Calculus AB na BC zikiwa zote mbili huhesabiwa somo moja, kwa hiyo usilipie zote ukidhani ni mbili. La tatu liwe Chemistry, Statistics au Computer Science A. AP Seminar na AP Research mara nyingi hazihesabiwi.

Na tafadhali tofautisha kozi na mtihani. Shule inaweza kumpa A kwenye kozi iliyoandikwa "AP Calculus", lakini kama hakukaa kwenye mtihani wa mwezi Mei, kwa chuo cha Uingereza hana AP hata moja.

ReliYaKati
Naongezea upande wa ratiba, maana kwa mtu wa Kigoma huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Mitihani ya AP inafanyika Mei, ndani ya takriban wiki mbili, kila somo na siku yake. Shule ya intaneti haiwezi kumsimamia nyumbani. Lazima apate shule yenye kibali inayopokea watahiniwa wa nje, na oda za mitihani hufungwa katikati ya Novemba. Shule nyingine hufunga orodha yao mapema zaidi, kwa hiyo andikieni waratibu wa AP kuanzia Agosti. Subirini wakubali kwa maandishi ndipo mpange malazi ya wiki hizo mbili.

SAT ni rahisi zaidi kupanga. Kwa watahiniwa walio nje ya Marekani hufanyika Jumamosi za Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Mei na Juni. Inafanyika kwenye kompyuta kwa programu ya Bluebook, muda ni saa 2 na dakika 14. Programu iwekwe na kujaribiwa nyumbani kabla ya safari, na jina la usajili lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Kama mnasafiri kwa treni au basi, msipange kufika Ijumaa jioni kwa mtihani wa Jumamosi asubuhi. Siku mbili za akiba ni za lazima.

Kwa kuwa yuko darasa la 11, ningegawa: Calculus BC Mei hii ikiwa kiti kipo, nyingine mbili Mei ya darasa la 12. Atakuwa na matokeo ya Calculus mkononi wakati anaomba, na hilo lina uzito kuliko makadirio ya alama.

Bi_Mwanga
Sasa fomu yenyewe. Maombi yanapita UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, machaguo hadi matano, na Oxford na Cambridge haziombwi zote mwaka mmoja. Mwisho wa hizo mbili, pamoja na kozi nyingi za udaktari, ni 15 Oktoba mwaka mmoja kabla ya kuanza. Nyingine ni Januari.

Kwenye sehemu ya elimu, jaza diploma kama sifa moja, halafu kila AP peke yake, hata ambayo hajafanya, ukionyesha kwamba matokeo yanasubiriwa. Ukiandika diploma tu, msomaji wa maombi anaona mwombaji asiye na sifa na anakataa bila kuuliza. Shule za Kimarekani hazijazoea kutoa makadirio ya alama za AP, kwa hiyo muombe mshauri wa shule ayaweke kwenye barua yake. GPA iandikwe ile isiyoongezewa uzito kwa kozi ngumu, pamoja na kipimo chake.

Alama za AP hazijipeleki. Mwanafunzi anaagiza College Board itume kwa chuo. Kila mwaka kuna nafasi moja ya bure akichagua chuo kabla ya 20 Juni. Matokeo hutoka Julai.

MzaziUjiji
Asanteni sana. Na tukikosa kituo cha AP?

Bi_Mwanga
Ipo njia ya mwaka wa maandalizi (foundation year) kabla ya digrii. Programu nyingi za namna hiyo hupokea diploma yenye GPA nzuri, na baadhi ya vyuo vinaiendesha vyenyewe. Ila soma masharti ya kupanda mwaka wa kwanza, kwa sababu kuikamilisha hakumaanishi umeshaingia kwenye uhandisi.

Angalia Kiingereza pia. Kwa digrii, chuo chenye rekodi nzuri kinaweza kumpima chenyewe. Mwaka wa maandalizi ulio chini ya kiwango cha digrii unadai mtihani uliokubaliwa na uhamiaji wa Uingereza, mfano IELTS for UKVI, toleo la mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa ajili ya viza; IELTS ya kawaida haitafaa kwa viza. Kusoma shule ya Kimarekani hakumwondolei sharti hilo, kwa sababu msamaha wa masomo ya Marekani ni wa digrii, hauhusu haiskuli.

Fundi_Namba
Na kabla ya kulipia chochote, tafuta jina la shule kwenye orodha ya taasisi iliyoithibitisha, mfano Cognia au Middle States, kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya shule haithibitishi kitu. Kama haimo, AP zitamsaidia kidogo sana, bora mumhamishe sasa akiwa bado darasa la 11.