Naomba ushauri: kutenganisha akaunti ya kazi na ya binafsi ukiwa chuo

Habari zenu wakuu. Mwanafunzi anayekaribia kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo atenganishe vipi akaunti zake? LinkedIn ibaki ya kazi, hilo halina mjadala. Ugumu uko Instagram. Ukiifunga akaunti ya binafsi, yaani ionekane kwa wafuasi tu, wafuasi wa zamani bado wanaona kila kitu mpaka uwaondoe mmoja mmoja. Na ile ya kazi ukiigeuza kuwa ya biashara, huwezi kuifunga.

Kinachoumiza kichwa zaidi ni namba ya simu. Ukitumia moja kote na kuruhusu programu isome majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, akaunti yako ya binafsi inaweza kupendekezwa kwa msimamizi wako mwenyewe. Barua pepe mbili zinatosha, au laini ya pili ni lazima?

Facebook inaruhusu kubana wanaoona machapisho yako ya zamani kwa mkupuo, lakini picha walizokutegi wengine zinabaki mikononi mwao. Nijiondoe tegi moja moja, au nifute akaunti nianze upya? Na jina je? La utani kwenye ya binafsi naona ndiyo salama, ila Facebook hutaka jina unalotumia kila siku.