Tupeane uzoefu: ulilipia tangazo la mtandaoni, dukani aliingia nani?

Mwanzisha mada (keki na vitafunwa, Tabata, Dar es Salaam)

Habari zenu wadau. Naomba tuzungumze kuhusu fedha ambazo sisi wenye biashara ndogo tunazilipia matangazo ya Facebook, Instagram na TikTok. Kila siku tunahimizwa tutangaze mtandaoni, lakini ni nadra mtu kuweka hesabu yake mezani na kusema alitoa kiasi gani, waliomwandikia walikuwa wangapi, na kati yao waliolipa ni wangapi. Naanza na yangu, ili na mwingine mwenye hasara asione haya kuisema.

Desemba ya mwaka juzi nilipiga picha keki ya sendofu ya ngazi tatu, nikaiweka Instagram, na kwa kuwa ilipendwa kuliko kawaida nikabonyeza kile kitufe cha kulikuza chapisho kwa malipo. Nililipa shilingi 60,000 kwa siku sita. Sehemu ya kuchagua eneo niliiacha kama nilivyoikuta, yaani Tanzania nzima, na lengo nililochagua lilikuwa watu watembelee ukurasa wangu. Simu ilichangamka mpaka nikaanza kuulizia bei ya oveni kubwa. Siku ya saba nilikaa na daftari: walioipenda picha walizidi 900, walioniandikia walikuwa 41, na waliolipa walikuwa wawili, mmoja wao akiwa shemeji yangu ambaye angenunua hata bila tangazo. Wengi wa wale 41 walikuwa Mwanza, Mbeya, Kigoma na Songea, na mmoja aliniuliza kwa adabu kubwa kama keki ya ngazi tatu inaweza kupakiwa kwenye basi la alfajiri pale Stendi ya Magufuli.

Mara ya pili nilitoa shilingi 30,000 tu. Nilichomeka alama kwenye ramani hapa Tabata, nikazungushia kilomita nane, na badala ya kutafuta wa kutembelea ukurasa nikachagua tangazo ambalo mtu akilibonyeza linamfungulia WhatsApp yangu moja kwa moja. Picha nayo niliibadilisha. Niliweka keki ya kilo moja ndani ya boksi lake, ikiwa imeandikwa jina la mtoto, na chini yake nikaandika bei, Sh 35,000, na kwamba kwa Tabata na Segerea naleta bila nauli. Walioniandikia walikuwa 19, walionunua saba, na watatu kati ya hao wamekwisha kurudi.

Naomba kila anayechangia ataje biashara yake, mahali alipo, alichotoa na alichopata. Wanaouza mafunzo ya kutajirika kwa siku 30 nawaomba kwa heshima zote watupishe.

Fundi seremala (Keko, Dar es Salaam)

Ndugu mwanzisha mada, nakushukuru kwa kuanza na hasara, maana hapo ndipo penye mafunzo. Mimi natengeneza vitanda, makabati na meza za mninga na mkongo, na tatizo langu la kwanza mtandaoni lilikuwa kwamba picha zangu zilikuwa zinawauzia watu wengine. Siku moja alikuja mteja kutoka Goba, akafungua simu na kunionyesha kitanda anachokitaka. Kilikuwa kitanda changu, hata ndala zangu zilionekana pembeni ya picha, lakini namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya dalali na bei ilikuwa imeongezwa shilingi laki moja na nusu. Mteja yule alikuwa ameelekezwa kwake, akapotea njia, ndipo akaangukia kwangu.

Tangu siku hiyo nimeacha kutegemea picha ya kitanda kilichokamilika, kwa sababu picha ya namna hiyo mtu yeyote anaweza kuidai. Ninachukua video ya sekunde arobaini hivi: mbao zikiwa bado hazijapigwa randa, vumbi likiruka, kisha kitanda kikiwa kimesimama, halafu nageuza droo juu chini ili mtazamaji aone ubao uliotumika nyuma na jinsi pembe zilivyoungwa. Sauti ni yangu mwenyewe, na ninataja tarehe, aina ya mbao na bei. Hakuna muziki. Kijana wangu wa karakana aliniambia video bila muziki haitazamwi, na pengine ni kweli kwa mambo mengine, lakini anayetaka kutoa laki nane kwa ajili ya kitanda huwa anataka kumsikia fundi.

Kuhusu bei naomba niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu huu utamaduni wetu wa kuandika "bei njoo pembeni" umenigharimu sana. Kwa miezi mitatu nilitangaza bila bei, nikiamini mtu akishaanza kuzungumza nami nitamshawishi. Nilipokea maswali mengi mno, na kazi yangu ya jioni ikawa kuandika bei ileile kwa watu ambao wakishaisoma hunyamaza. Nilipoanza kuitaja bei ndani ya tangazo lenyewe, ujumbe ulipungua karibu nusu, ila wanaobaki huuliza mambo ya mtu aliyekwisha kuamua: futi ngapi, utaleta lini, malipo ya awali kiasi gani. Mafundi wenzangu wawili wa jirani walinijia juu wakidai ninaharibu soko kwa kuanika bei hadharani. Tulielewana, ingawa mmoja bado hanisalimii vizuri.

Hasara yangu kubwa haikutokana na picha wala bei. Niliwahi kuweka tangazo la shilingi 10,000 kwa siku na nikasahau kuweka tarehe ya mwisho. Nililipia kwa ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye pesa za simu, nikaiwekea salio la kununulia mbao, nikasafiri kwenda msibani. Niliporudi, tangazo lilikuwa limekula kwa siku kumi na moja na duka lilikuwa limefungwa siku zote hizo.

Muuza dagaa na kayabo (Kirumba, Mwanza)

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha mada kuhusu umbali. Keki haisafiri, lakini dagaa mkavu husafiri hata wiki nzima bila kulalamika. Kutangaza dagaa hapa Mwanza ni kupoteza fedha, kwa kuwa mtu akitaka anashuka mwenyewe hadi soko la samaki la Mwaloni na kuchagua kwa macho yake. Matangazo yangu nayaelekeza Dar es Salaam na Dodoma peke yake, na yananilipa kuliko ukurasa wangu wa kawaida.

Shida kwetu sisi wa mikoani ni uaminifu. Mteja ambaye hajawahi kuniona natakaje anitumie shilingi 80,000 kabla ya kuona mzigo? Nilichofanya ni kumwonyesha mzigo wake yeye, si mzigo wa mfano. Kabla hajalipa chochote namtumia video fupi ya dagaa wake wakiwa kwenye mizani, kipimo kinasomeka, na jina lake limeandikwa kwa kalamu nene juu ya kiroba. Akilipa, namtumia picha ya risiti ya basi yenye namba ya mzigo na namba ya gari. Baadhi ya wateja wameanza kuzisambaza video hizo kwa ndugu zao, na hilo ni tangazo ambalo silipii hata senti.

Jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulifahamu ni ile orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kupitia WhatsApp. Orodha moja huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Nilikaa miezi nikiwatumia watu bei mpya na kushangaa kimya chao, kumbe ujumbe haukuwa unawafikia. Sasa kila mzigo unapotoka naandika juu ya kiroba: "Hifadhi namba hii, bei ya wiki ijayo itakuja hapa."

Mpishi wa mahamri na mbaazi (Mombasa)

Mimi sijawahi kulipia tangazo. Chombo changu ni hali ya WhatsApp, ile picha inayokaa saa 24 kisha ikatoweka. Naiweka kila siku saa kumi na moja jioni, wakati watu wanapoanza kufikiria kiamshakinywa cha kesho, na kufikia saa tatu usiku nakuwa na hesabu ya mahamri ya kukanda. Niliwahi kujaribu kuiweka asubuhi, nikaona watu wanaitazama na kuitamani wakiwa tayari wamekunywa chai.

Nimechangia hasa kwa ajili ya tahadhari moja. Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takribani saa sita, na kwetu zilianza kuzima jioni kuelekea saa moja. Oda zilizokuwa zimeingia zilikuwa chache, nyingine zote zilikuwa bado ziko njiani, na mimi sikuwa na namba ya mteja hata mmoja nje ya simu ile. Nilikanda unga kwa kukisia. Asubuhi nilibaki na mahamri ambayo nyumba yetu na nyumba tatu za majirani tulikula hadi magharibi. Tangu hapo nina daftari la mraba lenye majina, namba na mtaa wa kila mteja aliyeniruhusu nimwandike, na mara moja kwa mwezi nawatumia ujumbe wa kawaida wa simu, hata kama mtandao hauna tatizo lolote.

Muuza vipodozi (Arusha)

Kwangu yamenipata matatu, nayasema kwa ufupi. Kwanza, nilimlipa mtu maarufu shilingi laki tatu aweke bidhaa yangu kwenye ukurasa wake kwa siku moja. Nilipata wafuasi zaidi ya elfu moja na mia mbili, na mauzo ya wiki ile yalikuwa yaleyale ya wiki iliyotangulia. Wafuasi wake walinifuata kwa sababu ya yeye, na alipoacha kunitaja nao wakaacha kunijua.

Pili, tangazo langu lenye picha mbili za uso wa mteja, kabla na baada ya kutumia losheni, lilikataliwa na Facebook kwa sababu ya picha hizo. Nilikasirika, kisha mteja mwenyewe akanipigia akiuliza ni nani aliyeniruhusu kutumia uso wake. Alikuwa na haki. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata pasipo sheria hiyo ule ulikuwa uso wa mtu. Sasa naomba ruhusa kwa maandishi kwenye WhatsApp na kuitunza.

Tatu, nilipokea ujumbe uliodai kwamba ukurasa wangu utafungwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka haki miliki, nikabonyeza kiungo na kuandika neno la siri kwa mkono wangu mwenyewe. Ukurasa wa miaka minne ukaondoka, na waliouchukua wakaanza kuwaomba wateja wangu fedha kwa jina langu. Tafadhalini sana, washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani mtu akitaka kuingia aombwe na namba ya siri ya pili mbali na neno la siri, leo hii kabla hamjaendelea kusoma.

Fundi simu (Morogoro)

Mimi niliweka kibanda changu kwenye ramani ya Google, bila malipo, pamoja na picha ya mlango na saa za kufungua. Mtu aliyevunjikiwa kioo cha simu hatafuti burudani, anatafuta fundi aliye karibu. Hadi leo sijalipia kitu.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote. Mama wa Kirumba umenirekebisha kwa haki, nami nakubali kwamba kabla ya kuchagua kilomita ni lazima mtu ajiulize bidhaa yake inaweza kusafiri hadi wapi. Fundi simu naye amenikumbusha kwamba hata mimi jina la duka langu halipo kwenye ramani, na nimekuwa nikiwaelekeza wateja kwa kutumia mwembe ambao ulikatwa mwaka jana.

Nina swali moja kwa fundi seremala. Nilipoangalia tena wale 19, niliona kwamba wanane niliwajibu baada ya saa tatu au zaidi kwa sababu nilikuwa na mikono kwenye unga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenunua. Wewe ukiwa kwenye randa unawajibuje?

Fundi seremala

Siwajibu, ndugu yangu, na nisingependa kudanganya. Kidole kimoja nilikwisha kukiumiza kwa sababu ya kutazama simu. Natumia WhatsApp ile ya biashara, ambayo humjibu mtu yenyewe kwamba niko kazini na nitampigia saa saba mchana au saa kumi na mbili jioni, kisha inampa orodha ya vitanda na bei zake. Ikifika saa saba nakaa chini na sahani ya wali na kuwapigia kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kwa kupiga nafunga mazungumzo matatu katika muda ambao ningeandika moja. Kila mmoja nampa alama: aliyeuliza bei, aliyetoa malipo ya awali, aliyechukua mzigo.

Ila tangazo lenyewe nalizima Jumamosi saa sita mchana na kuliwasha Jumatatu, kwa kuwa Jumapili sipokei simu. Jaribu na wewe kulizima siku ambazo una keki ya harusi mezani.

Mwanzisha mada

Jumamosi hii nina mbili. Nalizima sasa hivi.