Boti ya tanga ya kujifunzia: Laser, Sunfish au ngalawa?

Mwanagenzi_wa_Kusi
Wakuu, nataka kujifunza tanga pale ghuba ya Msasani, nikiwa peke yangu, kilo 72. Zinauzwa Laser na Sunfish (boti ndogo za faiba) na ngalawa, zote zimetumika. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Tezi_na_Omo
Ngalawa iache kwanza. Kubadilisha upande inabidi uupe upepo tezi (nyuma ya chombo), ulegeze demani (kamba ya kuongozea tanga), kisha foromali (boriti inayobeba tanga) izungushwe mbele ya mlingoti. Ukiwa peke yako, usukani kashika nani?

Sunfish nayo ina foromali, ila tanga halizungushwi: unasukuma kana (mkono wa usukani), unainama, unahamia upande wa pili, basi. Laser ni kali zaidi kwa mwanafunzi. Tanga lake kubwa ni mita 7.06 za mraba. Muulize muuzaji kama analo la ILCA 6 (Laser ya tanga dogo), mita 5.76, pamoja na kipande chake kifupi cha chini cha mlingoti. Boti inabaki ileile, ila inapoa. Kama hana, chukua Sunfish.

Fundi_Faiba
Ukienda kuiona Laser, beba ndoo. Jaza maji tundu la mlingoti boti ikiwa nchi kavu, weka alama, subiri robo saa. Yakishuka hata kidogo, yanaingia ndani ya bodi (mwili wa boti). Mkosaji ni mchanga: unatuama chini ya tundu, mlingoti ukizunguka unasaga faiba mpaka inatoboka. Ukiuacha hivyo, siku ya upepo mkali mlingoti unang'oka na kipande cha sitaha.

Kisha inueni wawili. Bodi tupu ni kilo 59. Mkihema kama mmebeba na mtu ndani, imekunywa maji. Bonyeza sitaha kwa gumba pale pa kukalia, isibonyee. Kiraka kwenye tanga si neno, ila kitambaa kilicholainika kama kanga kuukuu, shusha bei.

Mwanagenzi_wa_Kusi
Shukrani. Na ikipinduka?

Tezi_na_Omo
Achia demani kwanza, la sivyo tanga litainuka limejaa upepo na likulaze tena. Ogelea uzunguke hadi upande wa tumbo la boti, panda ule ubao unaochomekwa katikati, simama karibu na bodi (ukisimama nchani utauvunja), shika ukingo, egemea nyuma. Usichelewe: ikigeuka kabisa kwenye maji haba, mlingoti unachoma chini.

Na siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) usitoke maji yakianza kupwa. Utarudi kwa miguu, unakokota kilo 59.